Kabla Hujaambiwa Usivuke Ninth Street

Maneno haya niliyasema kwa familia zilizofika karibuni, katika ukumbi wa kanisa hapa Louisville, Kentucky. Wengi mlikuwa kazini jioni ile mkaniomba niyaandike, na nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, baba zangu, ndugu mliotoka kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale, poleni na safari, na poleni na baridi. Najua wengine mmetoka moja kwa moja kwenye zamu ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, mgongo unauma, na bado mmekuja. Asanteni sana.

Nimeombwa nizungumze juu ya miji ya Marekani na watu wanaokaa humo: kwa nini mji huu una Weusi wengi, ule Walatino, ule Wazungu watupu. Nitaanza na simu. Wiki tatu zilizopita mama mmoja wa Fizi, Kongo, alinipigia. Amepata nyumba ya kupanga, vyumba vitatu, bei anaiweza, basi linapita karibu na mlango. Lakini wenzake wamemkataza. Aliniambia hivi: "Mwanangu, wanasema nisiende, ni West End, kule kwa Weusi. Sasa mimi natazama mkono wangu huu, najiuliza, mimi ni rangi gani?"

Nilinyamaza, kwa sababu maneno aliyoambiwa niliwahi kuyasema mimi mwenyewe. Nilipofika hapa kutoka Kigoma, mtu aliyepewa kazi ya kunionyesha mji alinizungusha kwa gari, akanionyesha duka la chakula, hospitali, kituo cha basi. Tulipofika Ninth Street alipunguza mwendo, akanyoosha kidole upande wa magharibi, ndiko West End, akasema: kule usivuke. Hakunipa sababu, nami sikuuliza. Baadaye nikawa mkalimani, na kwa zaidi ya mwaka nikawapa wageni onyo hilo hilo, kana kwamba limeandikwa kwenye sheria. Kuna watu humu ndani nimewaambia. Nawaomba radhi, na leo nataka kuwaeleza nilichopaswa kuwaeleza siku ile.

Ukichukua ramani ya sensa ya mji wowote mkubwa wa nchi hii, ukaweka rangi moja kwa Weusi, nyingine kwa Wazungu, nyingine kwa Walatino, nyingine kwa Waasia, utashangaa jinsi mipaka ilivyonyooka. Inafuata barabara, reli, mto. Kwetu ukiona mstari wa minyaa umenyooka kati ya shamba na shamba, huulizi kama minyaa ilijiotea. Unajua kuna mtu aliipanda, na mara nyingi unaweza kumtaja kwa jina.

Sisi wa Tanzania tulikulia kwenye maneno Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Ndugu wa Lubumbashi mmesikia wazee wakisimulia Elisabethville, jina la zamani la mji wenu, jinsi Wabelgiji walivyoacha ukanda mtupu wa mamia ya mita kati ya mji wa Wazungu na Kamalondo, mtaa wa Waafrika, wakidai wanazuia mbu wa malaria wasiwafikie. Kwa hiyo jambo hili mnalijua. Hapa lilifanywa kwa makaratasi mengi zaidi, na makaratasi yenyewe bado yapo.

Tuanze na mji wetu huu. Mwaka 1914 baraza la mji wa Louisville lilipitisha sheria: Mweusi haruhusiwi kuhamia kwenye kipande cha mtaa ambacho wakazi wake wengi ni Wazungu, wala Mzungu kuhamia kwenye kipande chenye Weusi wengi. Ilitungwa ionekane kama inakata pande zote mbili sawa. Alikuwepo hapa mwandishi wa magazeti Mweusi, William Warley, kiongozi wa tawi la NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi. Alipatana na Mzungu aitwaye Charles Buchanan, aliyekuwa anauza kiwanja na hakuipenda sheria ile, wakapeleka mkataba wao mahakamani kwa makusudi ili sheria ijaribiwe. Mwaka 1917 Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta, majaji wote wakiwa kauli moja. Kesi ile, Buchanan dhidi ya Warley, inasomwa na wanafunzi wa sheria nchi nzima, na ilitoka hapa mnapopandia basi kila siku.

Mngedhani mambo yaliishia hapo. Yalihamia kwenye hati za nyumba. Wenye nyumba waliandika ndani ya hati kwamba nyumba hii kamwe isiuziwe Mweusi, na mahakama zikayatekeleza maneno hayo hadi 1948. Halafu ikaja mikopo. Mwaka 1933, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, serikali iliunda shirika la kuokoa mikopo ya nyumba, na shirika hilo likachora ramani za miji zaidi ya 200. Mitaa bora ilipakwa kijani, inayofuata buluu, inayoshuka thamani manjano, na mitaa ya "hatari" nyekundu. Mtaa wenye Weusi, hata wenye nyumba safi na watu wenye kazi, karibu kila mara ulipewa nyekundu. Mwaka uliofuata ikaundwa idara ya kudhamini mikopo, nayo ikakataa kudhamini nyumba za mitaa ya namna hiyo.

Ndugu, lisikilizeni hili vizuri, kwa sababu ndilo linaloeleza mengi mtakayoyaona hapa. Kwa Mmarekani wa kawaida nyumba ndiyo shamba la urithi. Baba hununua kwa mkopo wa miaka thelathini, nyumba hupanda thamani, watoto husomeshwa kwa thamani hiyo, wajukuu hurithi. Aliyenyimwa mkopo mwaka 1940 hakukosa nyumba tu. Wajukuu wake leo hii wanapanga chumba, na mwenzao aliyepewa mkopo mwaka huo huo wajukuu wake wanapangisha.

Na waliojaribu kuvuka waliadhibiwa. Mwaka 1954 fundi umeme Mweusi wa hapa Louisville, Andrew Wade, aliyekuwa amepigana Vita Kuu ya Pili akiwa mwanamaji, alitaka nyumba ya kumkuza binti yake. Kila mahali alikataliwa. Mume na mke Wazungu, Carl na Anne Braden, wakainunua nyumba kwa majina yao upande wa kitongoji cha Shively, kisha wakamhamishia. Madirisha yalivunjwa, msalaba ukachomwa moto karibu na nyumba, risasi zikapigwa. Mwezi Juni nyumba ikalipuliwa kwa baruti. Kwa rehema za Mungu hakuna aliyekufa. Aliyefungwa jela hakuwa mlipuaji. Alikuwa Carl Braden, kwa shtaka la kuchochea uasi.

Sasa ile Ninth Street yenyewe. Nendeni mkaitazame kwa macho yenu. Ina njia sita za magari, pana kama mto, na kuivuka kwa miguu ukiwa na mtoto mgongoni ni kazi. Hapo zamani sehemu ile ilikuwa na Walnut Street, mtaa wa biashara za Weusi: maduka, kampuni za bima, sinema, kumbi za muziki. Miaka ya 1960 mpango wa serikali ulioitwa wa kuuhuisha mji ulileta mashine, zikaibomoa karibu yote. Barabara ikapanuliwa. Walnut Street siku hizi inaitwa Muhammad Ali Boulevard, na nitarudi kwa huyo Ali.

Hayo ni ya kwetu. Miji mingine ina hadithi zake, na nitazipitia kwa sababu wengi wenu mna ndugu huko na mnafikiria kuhama.

Kuanzia miaka ya 1910 hadi 1970, Weusi kama milioni sita waliondoka majimbo ya Kusini. Walikimbia kuuawa bila mashtaka, walikimbia kulima pamba ya mtu na kuishia na deni. Walipanda treni, na treni ndiyo iliyoamua waishie wapi. Wa Mississippi walipanda hadi Chicago. Wa Alabama wengi walikwenda Detroit. Wa Georgia na Carolina zote mbili walifuata pwani hadi Washington, Philadelphia na New York. Wa Texas na Louisiana walielekea Los Angeles na Oakland. Mtu alimfuata shemeji, shemeji alimfuata jirani, kama sisi tunavyofuatana. Ndiyo maana hata leo mpishi wa Chicago anapika chakula cha Mississippi, na ukiuliza bibi yake alizaliwa wapi utapata jibu hilo hilo.

Detroit nitaieleza kidogo zaidi, maana nilifika. Mwaka 1950 mji ule ulikuwa na watu zaidi ya 1,840,000, na Weusi walikuwa kama 16 katika kila 100. Sensa ya 2020 ilikuta watu 639,111, na Weusi ni zaidi ya 75 katika kila 100. Wazungu walihamia vitongojini, mikopo ya serikali ikiwafungulia njia na barabara kuu mpya zikiwapeleka, na viwanda vikawafuata. Karibu na barabara iitwayo Eight Mile kuna ukuta wa zege. Ulijengwa 1941. Mjenzi wa nyumba za Wazungu alinyimwa dhamana ya mkopo kwa sababu kiwanja chake kilipakana na mtaa wa Weusi, basi akajenga ukuta kati yao, ndipo akapewa. Mimi nimeushika kwa mkono. Una urefu wa mtu kwenda juu, unakwenda karibu nusu maili, unapita nyuma ya nyua za watu, na kipande kimoja kimechorwa picha za rangi karibu na mahali watoto wanapocheza. Nilisimama pale nikiwaza: wapo watu walioona nyumba iliyojengewa ukuta wa namna hii ndiyo salama kukopeshwa.

Karibu na Detroit iko Dearborn, mji wa magari ya Ford. Waarabu walianza kufika kwa sababu ya kiwanda, Walebanoni kwanza, kisha Wayemeni na Wairaki, na leo zaidi ya nusu ya wakazi ni wa asili hiyo. Meya wa mji ule kuanzia 1942 hadi 1978, Orville Hubbard, alijulikana nchi nzima kwa kuwazuia Weusi wasihamie. Mwaka 2021 mji huo huo ukamchagua Abdullah Hammoud, mwenye asili ya Kiarabu, kuwa meya. Nasema hili kwa vijana, wasije wakadhani mji ukishakuwa na sura fulani umekwisha.

Chicago Wazungu, Weusi na Walatino wanakaribiana, kila kundi kama theluthi moja. Ukisoma takwimu utasema wamechanganyika. Panda treni ya Red Line kutoka kaskazini hadi kituo cha 95th, kaa tu utazame abiria wanaoshuka na wanaopanda, utajua kwamba mji kuwa na watu wa kila aina ni jambo moja, na watu hao kuwa majirani ni jambo jingine.

Kusini, miji kama Memphis, Birmingham na Jackson ina Weusi wengi kwa sababu nyingine kabisa. Ni watoto wa watumwa waliobaki karibu na ardhi waliyoilima bila malipo. Jackson, Mississippi, ni kama wanane kati ya kumi. Atlanta, iliyosifiwa kwa miaka mingi kama mji wa Weusi, sasa Weusi hawafiki nusu ndani ya mji wenyewe, kwa sababu nyumba zimepanda bei na wengi wamehamia kaunti za jirani. Washington ni hivyo hivyo: mwaka 1970 Weusi walikuwa saba kati ya kumi, mwaka 2020 ni wanne. Kwa hiyo mstari unaweza kumfukuza mtu kwa kumnyima mkopo, na miaka hamsini baadaye ukamfukuza tena kwa kumpandishia kodi.

Upande wa kusini-magharibi, msiwaite Wameksiko wageni. Nchi ile ilikuwa Meksiko hadi 1848, na mpaka ndio uliowavuka wao. El Paso ni Walatino wanane kati ya kumi. Los Angeles ilianzishwa na Wahispania mwaka 1781 kwa walowezi 44 tu, na zaidi ya nusu yao walikuwa na damu ya Afrika. Mtoto akirudi shuleni akakwambia Mwafrika alikuja California juzi, mweleze hilo. Houston ndiyo yenye mchanganyiko wa kweli zaidi niliouona: hakuna kundi lenye nusu. Wapo Walatino, Weusi, Wazungu, Wavietnamu waliokuja baada ya vita kwisha 1975, Wanaijeria wenye makanisa makubwa.

Na Portland ya Oregon, ambayo wengine mmeambiwa ni ya Wazungu kwa sababu ya baridi! Mwaka 1857 wapiga kura wa Oregon waliweka kwenye katiba kwamba Mweusi huru asiingie kuishi wala kumiliki ardhi. Kifungu hicho kilifutwa 1926. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Weusi waliletwa kujenga meli, wakawekwa kwenye mji wa nyumba za muda ulioitwa Vanport, bondeni kando ya mto. Mwezi Mei 1948 tuta lilipasuka na mji mzima ukachukuliwa na maji mchana mmoja. Theluthi ya wakazi walikuwa Weusi. Hadi leo Portland ni kati ya miji mikubwa yenye Weusi wachache kabisa, na baridi haihusiki.

Sisi nasi tumeingia kwenye ramani hii. Mwaka 2016 Wakongo walikuwa kundi kubwa kuliko yote la wakimbizi walioingia Marekani, zaidi ya 16,000, na ikawa hivyo tena 2023. Hatukuchagua Kentucky, Iowa, Maine au Texas kwa kusoma kitabu. Tuliwekwa pale penye nyumba za bei nafuu na kazi isiyodai Kiingereza kingi: viwanda vya nyama, maghala, mizigo. Baadaye tukaanza kuitana. Wasomali walifanya vivyo hivyo walipohamia Lewiston, Maine, kuanzia 2001, moja ya majimbo yenye Wazungu wengi kuliko yote. Miaka hamsini ijayo mtu atatazama ramani ya Louisville aone kiraka cha Waswahili pale kusini, karibu na Iroquois, aseme: hawa walipenda kukaa pamoja. Nanyi mnajua kwamba siku ya kwanza hamkuulizwa.

Mwaka 2020 niliwasaidia watu kujaza fomu ya sensa. Nakumbuka meza ile, kalamu za buluu, na watoto wakilala kwenye viti. Kisanduku cha Weusi kilikuwa na mifano: Mmarekani Mweusi, Mjamaika, Mhaiti, Mnaijeria, Mwethiopia, Msomali. Mzee mmoja wa kabila la Wabembe alisoma mara mbili akauliza, "Mbembe yuko wapi?" Nikamwonyesha nafasi ya kuandika. Akaandika herufi moja moja, polepole, na hakukubali nimwandikie. Kijana wa Buyenzi, Bujumbura, ambaye baba yake ana asili ya Oman, aliuliza Mwarabu aweke alama wapi. Fomu iliweka Mlebanoni na Mmisri kwenye kisanduku cha Wazungu. Alikaa muda mrefu na ile kalamu. Machi 2024 serikali ilitangaza kundi jipya kwa watu wa Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Visanduku hivi vimekuwa vikibadilika tangu sensa ya kwanza ya 1790. Mwaka 1930 "Mmeksiko" aliandikwa kama rangi, na sensa iliyofuata akaondolewa. Jazeni kila inapokuja, maana ndiyo inayogawa viti vya bunge na fedha za shule. Lakini asiwepo mtu wa kukwambia kwamba kisanduku kile ndicho wewe.

Sasa nyumba. Siwafichi: zipo kona za West End zenye umaskini mkubwa na milio ya bunduki, na maduka ya chakula kibichi ni machache. Kona za namna hiyo zipo pia upande tunaokaa sisi, na mnazijua. Kabla ya kusaini, nendeni mchana, nendeni na usiku. Waulizeni majirani, si binamu ambaye hajawahi kuvuka. Ulizeni juu ya basi la alfajiri. Nyumba ikiwa imejengwa kabla ya 1978, mwenye nyumba anatakiwa na sheria akuambie lolote analolijua juu ya rangi yenye madini ya risasi ukutani, kwa sababu inaharibu akili za watoto. Na dalali akisema "ninyi mtafaa zaidi mtaa fulani" kwa kuangalia sura yenu au kusikia lafudhi yenu, hilo limekatazwa na sheria ya 1968, iliyotiwa saini wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa. Mna mwaka mmoja wa kupeleka malalamiko kwa wizara ya nyumba, na kupeleka ni bure. Mimi nitatafsiri.

Nilisema nitarudi kwa Ali. Alizaliwa hapa Louisville 1942, jina lake Cassius Clay, akakulia West End, Grand Avenue, nyumba namba 3302. Mwezi Oktoba 1974 alipigana ngumi na bondia George Foreman Kinshasa, na uwanja mzima ukaimba "Ali, boma ye". Wapo humu baba waliokuwa vijana wakisikiliza redioni usiku ule. Mzee wangu pale nyuma ameinua mkono, naona. Mtoto mliyemwimbia alitoka upande ule ule wa barabara tunaokatazana kuuvuka, na waliokuwa majirani wa mama yake ndio tunaowaogopa tunapokutana nao kwenye basi.

Yule mama wa Fizi amesaini mkataba. Jirani yake ni bibi mmoja ambaye wazazi wake walitoka Alabama, na siku ya pili alimpelekea sahani ya mboga ya majani iliyochemshwa na nyama. Mama aliionja akanipigia: "Mwanangu, huyu anapika kama sisi, amekosa mawese tu." Sahani ameirudisha na sombe, yaani kisamvu, ndani.

Jumamosi ijayo tunakwenda. Tutashuka Ninth Street tuivuke kwa miguu, tufike Grand Avenue, kisha bibi huyo na watu wa kanisa lake wametukaribisha chakula. Basi litaondoka hapa mbele ya ukumbi saa nne asubuhi. Watoto waje na makoti.